Leseni ya Kuazima

Kampuni moja ya hapa London, jina lake tuliache, iliniletea masharti ya programu zake niyatie Kiswahili kwa ajili ya wateja wa Afrika Mashariki. Kifungu kimoja kilinikalisha jioni nzima. Kilieleza kwamba programu kuu haitafanya kazi mpaka kwanza kompyuta iwe na programu nyingine, ile ya kuiunganisha na mtandao; na kama mteja hana hiyo ya pili, atapewa leseni yake bure kwa siku 90, kisha leseni ife. Kwa Kiingereza mambo yote hayo yalibebwa na maneno machache yaliyofungwa kamba moja kama ngamia wa msafara, nomino nyuma ya nomino. Nikaandika "leseni ya kuazima". Siku ya tatu hati ikarudi na mstari mwekundu. Mhakiki amefuta "kuazima", ameweka "mkopo", na pembeni ameandika kwamba faharasa ya kampuni inasema "loan" ni mkopo, basi.

Sikubishana, maana malipo yangu yalikuwa bado mikononi mwao. Nimeshalipwa, sasa nabisha.

Twende jikoni kwanza. Mtu akikopa kilo ya sukari dukani, ile sukari haitarudi tena; imeshaingia kwenye chai na imenywewa. Kitakachorudi ni sukari nyingine, au bei yake. Mtu akiazima mwiko kwa jirani, kitakachorudi ni mwiko uleule, na kama ulikuwa na ufa, utarudi na ufa wake. Aliyekopa ni mwenye mali na mwenye deni kwa wakati mmoja: sukari ni yake, aifanye atakavyo, ila anadaiwa. Aliyeazima hana mali wala deni. Ana kitu cha watu mkononi. Mafakihi wa pwani yetu wanaijua milango hii miwili kwa majina yake, karadha na ariya. Warumi wa kale nao waliitenga, mutuum huku na commodatum kule. Waingereza wametia vyote katika kapu moja lililoandikwa "loan", kisha umakini wao wakaupeleka kwingine: anayetoa ana kitenzi chake, "lend", na anayepokea ana chake, "borrow". Hapo ndipo sisi tunapolegea. "Nimeazima kitabu" maana yake nimepewa, "niazime kitabu" maana yake nipe, na mgeni anayejifunza lugha hukuna kichwa. Wahenga wetu waliona la kuangaliwa ni kitakachorudi, na habari ya nani kampa nani wakaviachia viambishi.

Najua pingamizi litakalokuja. Litatoka Dar es Salaam, ambako kila siku mtu anamwambia mwenzake "niazime elfu kumi", na hakuna anayetegemea noti ileile irudi na mikunjo yake. Kweli. Lakini sikiliza ni wakati gani mtu husema hivyo. Husema kwa rafiki, kwa jambo dogo, kwa ahadi ya kesho jioni. Akisema "nikopeshe", ameshaleta deni barazani, na deni lina daftari. Akisema "niazime", anailainisha haja yake: hela hii ni yako, inapita tu mfukoni mwangu. Mtu hawezi kutumia neno kama mto wa kulalia kama halina ulaini wake wa asili. Tofauti ingekuwa imekufa, adabu hiyo isingewezekana.

Methali nazo zimeshuhudia. Ya mkopo inasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Uchungu wake uko mwishoni, siku ya kulipa. Ya kuazima inasema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Hapa hakuna habari ya kulipa hata chembe. Hofu ni kwamba hata sasa, ukiwa umeivaa mbele za watu, mwenyewe anaweza kuidai. Mkopo unatisha kesho, azima inatisha leo. Sijui lugha nyingine iliyoyapanga mambo ya leseni za kompyuta vizuri namna hiyo kabla kompyuta hazijazaliwa.

Na "mkopo" wa leo umezidi kwenda mbali. Mwulize kijana wa bodaboda, "Hii pikipiki ni yako?" Atajibu, "Ni ya mkopo, kaka," na maana yake ni kwamba itakuwa yake, panapo majaaliwa, akimaliza marejesho. Kampuni ya M-KOPA ya Kenya, iliyoanza kuuza mitambo ya sola kwa malipo kidogo kidogo mwaka 2012, ilijiita hivyo kwa sababu mteja wake anajua: unakopa, unalipa, mwisho kitu ni chako. Sasa mpe mteja huyo hati inayosema "leseni ya mkopo". Ataelewa nini? Ataelewa kwamba siku 90 ni muda wa marejesho. Atatafuta namba ya kulipia. Ameambiwa kinyume kabisa cha kilichoandikwa.

Ubishi huu usionekane wa watu wasio na kazi, maana hapa London neno la kuazima limewahi kuiokoa mashine isiliwe na forodha.

Mwaka 1973 Profesa Peter Kirstein wa University College London, yaani UCL, alikuwa akitaka kukiunganisha chuo chake, pale mtaa wa Gower, na ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambao ndio babu wa intaneti. Wamarekani walikubali kumpa mashine ya kuungia, iliyoitwa TIP, iliyotengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman ya Massachusetts. Hawakumuuzia wala hawakumzawadia, walimwazima. Njia nayo ilikuwa ya kuombaomba. Kutoka London ilipitia Norway, kwenye kituo cha kusikiliza mitetemo ya ardhi ambacho kilikuwa kimeshaunganishwa na Marekani kwa setilaiti. Posta ya Uingereza, ambayo zama hizo ndiyo iliyoshika simu, ilikubali kubeba gharama ya waya wa kwenda Norway kwa mwaka mmoja, na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia kule Teddington akatoa pauni 5,000 kutoka fungu lake.

Mashine ikafika Heathrow mwezi Julai, na forodha wakaikamata. Walidai ushuru wa kuingiza bidhaa, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza ina miezi mitatu tangu ianze Aprili mwaka uleule. Hoja ya Kirstein ilikuwa kwamba hiki ni chombo cha kuazimwa. Mwenyewe yuko ng'ambo. Aliweka dhamana kwamba atalipa kama rufaa yake itashindwa, wakamwachilia mzigo, na kabla Julai haijaisha data za kwanza zilikuwa zimevuka kutoka London hadi California. Ilichukua miaka kadhaa mpaka serikali ikaamua kwamba hapakuwa na cha kulipwa, si ushuru wala kodi.

Hebu fikiria mhakiki wangu angekuwa mkalimani pale Heathrow. "Afande, hii ni mashine ya mkopo." Afisa yeyote wa forodha wa Mombasa au Tanga angechukua kalamu: mashine ya mkopo ni mashine iliyonunuliwa, ila bado haijaisha kulipiwa. Lete ushuru.

Huyo Davies ninamtaja kwa sababu nyingine pia. Ndiye aliyechagua neno "packet" kuita vipande vidogo ambamo ujumbe hukatwakatwa ili usafiri mtandaoni, na kabla ya kulipitisha aliuliza ushauri wa kiisimu, akitaka neno litakaloingia bila taabu katika lugha nyingine. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1960. Sidhani kwamba Kiswahili kilikuwa kwenye mawazo yake, lakini sisi tulikuwa na pakiti zamani, ya sigara na ya biskuti, tukaikaribisha na ya data bila kikao. Mhandisi anayesimama kujiuliza neno lake litalala wapi ugenini ni wa kuombewa dua. Wengi humwachia mfasiri kazi hiyo.

Turudi kwenye leseni, maana nusu ya ugumu iko hapo. Tunadhani leseni ni kitu: kadi ya udereva, cheti kilichobandikwa ukutani dukani. Mswahili anayehamia London hushtuka akiambiwa alipie leseni ya televisheni. TV ameshainunua, iko sebuleni, sasa leseni ni ya nini? Ni ya kutazama. Waingereza wanatoza hiyo tangu 1946, na kabla yake walikuwa wakitoza ya redio. Kitu ni chako, kitendo si chako mpaka uruhusiwe.

Kanuni hiyo ilitamkwa papa hapa mwaka 1673, katika kesi ya Thomas dhidi ya Sorrell, iliyohusu uuzaji wa mvinyo bila leseni na fadhila ambazo wafalme waliwapa wauza mvinyo wa London. Jaji Vaughan alieleza kwamba leseni haihamishi mali yoyote kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kazi yake ni kukifanya halali kitendo ambacho bila hiyo kingekuwa kosa. Kila mkataba wa programu unaobofya "Nakubali" bila kuusoma umesimama juu ya wazo hilo la mvinyo.

Na Jaji Vaughan, katika kueleza leseni, aliiweka sambamba na ile nafuu anayoitoa mfalme ili sheria isimguse mtu fulani. Mswahili aliyekaa chuoni akisikia hivyo hutabasamu, kwa sababu neno analijua: ni rukhsa. Katika elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, hukumu ya asili, ile ngumu isiyo na udhuru, huitwa azima. Na nafuu anayopewa msafiri au mgonjwa huitwa rukhsa. Azima hiyo ni ndugu wa azma na azimio, siyo ile azima yetu ya mwiko, lakini masikio hayajui nasaba. Nimewahi kufikiri kwamba historia ya Tanzania yote imelala kwenye jozi hiyo: Azimio la Arusha mwaka 1967, halafu Mwinyi, aliyeingia 1985 na kulegeza kamba mpaka watu wakamwita Mzee Ruksa. Basi leseni ni ruksa iliyovaa suti, na nisingeona ubaya kama tungeiita hivyo, ila dereva akisimamishwa na trafiki hatasema "ruksa yangu hii hapa".

Kile kifungu cha programu mbili, moja ikiisubiri nyingine, hakikuanza na kampuni iliyonipa kazi. Mtandao wa vyuo vya Uingereza, JANET, ulizaliwa Aprili 1984, na haukuongea lugha ya ARPANET. Ulikuwa na itifaki zake, zilizoandikwa katika vitabu vya majalada ya rangi: cha buluu cha kupeleka mafaili, cha kijivu cha barua, na vingine. Vyote kwa pamoja viliitwa Vitabu vya Rangi. Chuo chenye kompyuta ya VAX ya kampuni ya Digital kilihitaji programu ya Vitabu vya Rangi ili kiingie. Na programu hiyo haikujiweza peke yake, ilikaa mgongoni mwa nyingine, PSI ya Digital wenyewe, iliyojua kuzungumza na waya. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, huna kitu.

Mwaka 1988, katika toleo la 5 la mfumo wake wa VMS, Digital iliweka nyapara wa leseni ndani ya kompyuta. Leseni ikaja kama karatasi ya kunakiliwa herufi kwa herufi: jina la bidhaa, namba ya idhini, kiasi cha matumizi, na kwa zile za muda, tarehe ya kukoma. Ukiingiza yote sawasawa, programu inaamka. Tarehe ikipita, programu iko palepale kwenye diski, haijapungua hata herufi, ila haiitiki. Nguo ya kuazima, na mwenye nguo hana haja hata ya kubisha hodi.

Programu kama PSI tuiiteje? Faharasa zinapenda "tangulizi". Silipendi, kwa sababu linasema tu kwamba hii inatangulia, na dibaji nayo hutangulia kitabu lakini unaweza kuiruka. Hapa tena madrasa imetangulia chuo kikuu. Mtoto wa pwani hufundishwa tofauti ya nguzo na sharti. Nguzo iko ndani ya swala: kurukuu, kusujudu. Sharti liko nje yake na lazima liwepo kabla: udhu. Udhu si swala, na aliyetawadha tu hajaswali, lakini aliyeswali bila udhu hana alichofanya. Hiyo ndiyo PSI. "Programu ya sharti" inatosha, na inasema zaidi ya Kiingereza chake.

Ukishafika kwenye udhu, leseni ya siku 90 inajieleza yenyewe. Asiye na maji hutayamamu kwa mchanga. Tayamamu haimpi maji, inampa ruksa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, tayamamu moja haivuki swala moja ya faradhi, na maji yakipatikana imebatilika. Ni rukhsa ya muda juu ya sharti, yenye tarehe ya kukoma. Wanasheria wa programu wanatumia kurasa nne kueleza jambo hilo.

Neno "mtandao" lenyewe ninalipitia haraka, kwa kuwa limeshatuponyoka. Lilikuwa la kutanda, jamaa wa utandabui. Leo "mtandao hakuna" ni simu haishiki, "mitandao" ni mahali pa kutukaniana, na katika siasa za Tanzania wanamtandao walikuwa kundi la kumpeleka mtu Ikulu. Ukiandika "programu ya mtandao" peke yake, msomaji anafikiria Facebook. Ni lazima useme ya kuungia mtandao.

Lililobaki kunisumbua lilikuwa moja. Cha kuazima hurudi; mwiko hutoka kwangu ukaingia kwako. Programu hairudi. Siku ya 91 bado iko kwenye diski ya mteja, na kampuni haikupungukiwa na kitu siku zote hizo. Nikaenda nalo East Ham, kwa bibi mmoja wa Kiunguja ninayempelekea dawa zake kila Jumamosi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na uso wa kudaiwa."

Nikamweleza, nikiacha kompyuta kando. Mtu amepewa kitu kwa siku 90, kimo nyumbani kwake. Siku zikiisha hakirudishwi, kinabaki nyumbani, lakini hana ruhusa ya kukigusa. Hicho ni cha kuazima?

Alifikiri akikunja upande wa kanga. Akanisimulia kwanza dhahabu za kuazimana kwenye harusi, jinsi bi harusi anavyong'aa kwa bangili za nyumba nne na asubuhi yake mama mtu anavyozunguka kurudisha, na kama kuna iliyochelewa inavyosemwa mtaa mzima. Kisha akasema, "Hizo siku 90, ndiyo, ameazimwa. Baada ya hapo kimekuwa amana. Kipo kwako, si chako, na hukivai."

Amana. Nilikuwa nimezunguka kwa Warumi na kwa majaji, na neno lilikuwa East Ham. Kinachoazimwa katika leseni ni ruhusa, na ruhusa ndiyo inayorudi kwa mwenyewe siku ikifika; programu yenyewe inageuka amana kwenye diski ya mtu. Kwa hiyo "kuazima" linasimama, na "ya muda" halihitajiki juu yake, kwa sababu hakuna azima isiyo na muda.

Kosa langu la kweli halikuwa pale alipochora mhakiki. Lilikuwa kutaka kuigeuza kamba ile ya nomino kuwa kamba yetu: leseni ya kuazima ya programu ya sharti ya kuungia mtandao. Hesabu hizo "ya". Msomaji anazama kwenye ya tatu. Kiswahili kinataka kitenzi, nacho kikipewa hutembea chenyewe: Programu ya kuungia mtandao ni sharti, asiye nayo ataazimwa leseni yake kwa siku 90.

Hati ya kampuni imeshatoka na "leseni ya mkopo" yake. Ninachoomba ni kwa wanaotunga faharasa, wawe mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, wawe vijana wanaotafsiri programu usiku kwa kujitolea: mkifika kwenye "loan", msiandike neno moja. Andikeni mawili, mkopo na azima, na kati yake swali la kumwuliza mwenye hati, kama kitakachorudi ni kilekile au ni kingine.